Historia Fupi ya Mvumo wa Gitaa la Umeme, na Deni Langu la Mwaka 1997

Ndugu Mhariri ameniomba niandike makala ya historia kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu wa wanafunzi wa zamani. Nadhani alitarajia niandike juu ya kuanzishwa kwa shule, wakuu wake waliopita na vikombe vya mpira, kwa kuwa anajua kwamba Chuo Kikuu nilisoma Historia kabla sijaingia katika utumishi wa serikali. Mambo hayo wapo wenye kuyajua kunishinda. Mimi nitaandika juu ya jambo dogo ambalo kila aliyepita shuleni petu katika miaka ya 1990 atalikumbuka mara moja, nalo ni ule mvumo wa amplifaya ya bendi yetu, uliojaza ukumbi tangu swichi ilipowashwa mpaka ilipozimwa.

Ninazo sababu mbili za kuchagua jambo hilo. Ya kwanza ni kwamba Kamati yetu imekwisha kutangaza mchango wa kuinunulia bendi ya shule vyombo vipya, na ningependa tujue tunanunua nini. Ya pili ni deni langu mwenyewe, nalo nitalifikia kwa utaratibu wake.

Gitaa lililozidiwa na tarumbeta

Katika miaka ya 1920 bendi za dansi za Marekani zilikuwa zimekua mno. Zilikuwa na tarumbeta, saksafoni na ngoma, na mpiga gitaa aliyeketi katikati ya vyombo hivyo aliweza kukata vidole vyake asisikike hata na jirani yake. Ndipo watu wakaanza kutafuta namna ya kulipa gitaa sauti kwa nguvu za umeme. Mwaka 1931, huko Los Angeles, mwanamuziki George Beauchamp akishirikiana na mwenye kiwanda Adolph Rickenbacker walifaulu. Gitaa lao la alumini, lenye tumbo dogo la duara na shingo ndefu, lilipewa jina la utani la Kikaango kwa sababu ya umbo lake. Liliingia sokoni mwaka 1932, na hati ya uvumbuzi ilitolewa mwaka 1937.

Siri yake ilikuwa katika kile kinachoitwa pikapu. Si ile ya kubebea mizigo. Pikapu ya gitaa ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, mizunguko maelfu kwa maelfu. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku hiyo, umeme mdogo sana huzaliwa katika waya, nayo amplifaya huukuza mpaka ukatosha kuisukuma spika.

Lakini waya huo uliozungushwa hauna ubaguzi. Haujui kwamba uliwekwa pale ili usikilize nyuzi tu. Husikiliza pia umeme upitao ukutani, transfoma iliyo karibu, na zile taa ndefu za darini. Umeme wa majumbani hugeuka mwelekeo kwenda na kurudi, kule Marekani mara 60 kwa sekunde, na huku kwetu mara 50. Mgeuko huo ndio unaosikika kama mvumo. Tena amplifaya ambayo kapasita zake za kusafishia umeme zimezeeka huongeza mvumo wake yenyewe, ambao kwetu huwa wa mara 100 kwa sekunde. Uzi wa sita wa gitaa ukibanwa kwenye kituo cha tatu hutoa sauti ya mara 98 hivi. Kwa hiyo mpiga solo wetu hakukosea aliposema kwamba amplifaya ya shule inaimba G, ila imepanda kidogo.

Koili mbili zilizogombana kwa faida

Mvumo huo uliwasumbua watu zaidi ya miaka 20. Mwaka 1955 mhandisi wa kampuni ya Gibson huko Kalamazoo, jimbo la Michigan, aitwaye Seth Lover, aliomba hati ya uvumbuzi wa pikapu ya namna mpya. Ilianza kufungwa kwenye magitaa ya kampuni hiyo mwaka 1957, na hati ilitolewa mwaka 1959.

Alichofanya Lover ni kuweka koili mbili ubavu kwa ubavu. Waya wa moja aliuelekeza kinyume cha mwenzake, na sumaku nayo akaigeuza kinyume. Mvumo unaotoka ukutani haujali sumaku imeelekea wapi, hivyo huingia katika koili zote mbili ukiwa na alama zinazopingana, nao hujiua wenyewe. Sauti ya uzi hupinduliwa mara mbili, kwa waya na kwa sumaku, kwa hiyo hutoka ikiwa na alama ileile na hujumlishika. Sisi tuliozoea vitabu vya hesabu za serikali tunaweza kusema kwamba mvumo umeandikwa upande wa mapato na upande wa matumizi kwa kiasi kilekile, na salio lake ni sifuri.

Gitaa letu la shule halikuwa na bahati hiyo. Lilikuwa la pikapu zenye koili mojamoja, nalo lilivuma kwa haki yake.

Kasoro iliyogeuka pambo

Huko nyuma nilisema kwamba amplifaya huukuza umeme mdogo. Kila amplifaya ina kikomo chake. Ukiidai zaidi ya uwezo wake, kilele cha wimbi la sauti hukatwa, kama magunia yanayogonga dari ya ghala. Sauti hutoka ikiwa imekwaruzika. Mafundi wa mwanzo walipigana na mkwaruzo huo kama walivyopigana na mvumo, lakini wanamuziki wakawageuka.

Mwezi Machi 1951 bendi ya Ike Turner ilisafiri kutoka Mississippi hadi Memphis kwenda kurekodi kwa Sam Phillips. Amplifaya ya mpiga gitaa Willie Kizart iliharibika njiani. Hawakuwa na nyingine, wakaishindilia karatasi spika iliyopasuka, wakapiga hivyo hivyo. Wimbo huo, "Rocket 88", ulitoka kwa jina la mwimbaji Jackie Brenston na ukapanda kileleni mwa orodha ya muziki wa Waamerika weusi. Mwaka 1958 Link Wray alitoboa spika kwa penseli kusudi apate sauti ya namna hiyo katika "Rumble". Mwaka 1964 kijana wa Uingereza, Dave Davies wa kundi la The Kinks, aliikata spika yake kwa wembe.

Kisa kinachonifurahisha kuliko vyote ni cha Nashville. Katika kurekodi wimbo wa Marty Robbins uitwao "Don't Worry", uliotoka mwaka 1961, kifaa kimoja katika mashine ya studio kiliharibika na gitaa la Grady Martin likatoka likinguruma kama nyuki ndani ya kopo. Fundi wa studio, Glenn Snoddy, hakukitupa kile kifaa. Alichunguza ubovu wake, akatengeneza saketi ya kuuiga, na mwaka 1962 Gibson wakaanza kuuza kisanduku cha kukanyaga kwa mguu kinachotoa ubovu huohuo kwa amri ya mpigaji. Mwaka 1965 Keith Richards wa Rolling Stones alikitumia katika "Satisfaction", na dunia nzima ikakitaka.

Kwetu mambo yalikwenda njia nyingine. Bendi zetu za dansi zina historia ndefu. Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, na ng'ambo ya ziwa, huko Kongo, OK Jazz ya Franco ilianza mwaka 1956. Gitaa la umeme lilipoingia katika bendi hizi, wapigaji wake walitaka sauti safi, nyuzi zisikike moja moja. Dansi letu limejengwa kwa magitaa yanayojibizana: solo, ridhimu na besi, kila moja na njia yake, na moja likikwaruza huyafunika mengine. Msikilize Marehemu Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki katika ajali ya gari mwaka 1979, utaona kwamba kila nukta imesimama peke yake kama shanga katika uzi. Ndiyo maana mvumo kwetu ni adui mkubwa zaidi. Anayepiga kwa mkwaruzo huuficha mvumo chini ya makelele. Anayepiga safi hana pa kuuficha.

Namna ya kuutafuta ugonjwa

Sasa nirudi shuleni. Mwaka 1997 nilikuwa Kidato cha Tatu na katibu wa bendi. Kulikuwa na mdogo wetu wa Kidato cha Pili, tuliyemwita Fundi kwa sababu baba yake alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio. Alikuwa mdogo wa mwili, mpole, na alitembea na bisibisi mfukoni kama wengine tulivyotembea na vitana. Ndiye aliyenifundisha kwamba kelele hazikisiwi, hutafutwa hatua kwa hatua. Naandika utaratibu wake hapa, maana nimeutumia mpaka leo katika harusi na mikutano, wala haujanitupa.

Kwanza punguza sauti ya gitaa lenyewe mpaka sifuri. Mvumo ukikatika, ugonjwa uko kwenye gitaa au pikapu yake. Ukibaki, chomoa waya wa gitaa kutoka kwenye amplifaya. Ukikatika sasa, lawama ni ya waya. Ukiendelea, ugonjwa uko ndani ya amplifaya au kwenye umeme unaoilisha.

Pili, kama ni gitaa, geuka nalo polepole huku umelishika. Mvumo ukipungua kila unapoelekea upande fulani, pikapu inakamata kitu kilicho karibu. Zima taa ndefu, sogea mbali na transfoma, na usiulaze waya wa gitaa sambamba na waya wa umeme. Ikibidi vikutane, vikatizane kama njia panda.

Tatu, gusa nyuzi kwa kiganja. Mvumo ukipungua unapogusa, si uchawi. Mwili wako wenyewe hukusanya kelele za umeme na kuzipeleka kwenye pikapu, na nyuzi zikiwa zimeunganishwa vizuri na waya wa ardhi, ukizigusa huzimimina huko. Mvumo ukizidi unapogusa, kuna muungano uliokatika, tafuta lehemu iliyoachia.

Nne, ikichakarisha unapozungusha kitufe cha sauti, ni vumbi. Ikichakarisha unapotikisa jeki, ni jeki. Amplifaya ya valvu ikilia unapoigonga valvu taratibu kwa kalamu, ni valvu hiyo.

Baada ya hayo yote tulibaki na mvumo mmoja mkaidi. Ulijitokeza pale tu tulipovuta waya kutoka amplifaya ya gitaa hadi kwenye mashine ya vipaza sauti vya ukumbi. Kila chombo kikiwa peke yake kilinyamaza, vikiunganishwa vikavuma. Leo najua ni kwa nini. Vyombo hivyo viwili vilikuwa vimechomekwa kwenye soketi mbili tofauti, moja jukwaani na nyingine nyuma ya ukumbi. Kila kimoja kilikuwa na waya wake wa ardhi, na ule waya tuliouvuta ulikamilisha duara. Umeme mdogo ulizunguka ndani ya duara hilo, na mzunguko huo ndio uliosikika.

Mahafali

Fundi wa bendi moja iliyowahi kupita mjini aliniambia dawa: fungua plagi, ufungue ule waya wa kijani wenye mistari ya manjano, mvumo utakwisha. Nilimweleza mdogo wetu. Akaniambia maneno ambayo nayakumbuka kama yalivyo: "Kaka, huo usiuguse. Huo si wa kelele, huo ni wa uhai."

Zilikuwa zimebaki siku mbili kabla ya mahafali ya Kidato cha Nne. Nikamwazima bisibisi yake nikisema nakwenda kukaza skrubu ya stendi. Usiku, baada ya prepu, niliingia ukumbini nikaufungua ule waya wa ardhi wa plagi ya amplifaya. Mvumo ulikatika palepale. Kesho yake tulifanya mazoezi tangu saa tisa mpaka magharibi, kila mtu akanisifu.

Siku ya mahafali, mbele ya wazazi na mgeni rasmi, kiongozi wa bendi alishika gitaa, akasogeza midomo kwenye maikrofoni ili aanze kuimba. Tuliona cheche. Alianguka chali, gitaa likavunjika shingo. Namshukuru Mungu, aliinuka. Alikuwa ameungua mdomo, na kovu lake analo hadi leo, kama mnavyomwona katika mikutano yetu.

Wengine hawakuinuka. Mwaka 1972 mpiga gitaa Les Harvey wa kundi la Stone the Crows alishika maikrofoni jukwaani huko Swansea, Wales, akafa mbele ya wasikilizaji wake, kwa sababu vyombo havikuwa vimeunganishwa na ardhi ipasavyo. Mwaka 1976 Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa The Yardbirds, alikufa nyumbani kwake kwa umeme wa gitaa. Hayo niliyasoma nikiwa Chuo Kikuu, na nilipoyasoma nilikifunga kitabu nikatoka nje.

Bisibisi ilikutwa nyuma ya amplifaya, na kwenye mpini wake lilikuwa limekwaruzwa jina la mwenyewe. Mdogo wetu aliitwa ofisini. Alisema alimwazima mtu. Akaulizwa ni nani, akanyamaza, maana kumtaja mkubwa kwa walimu lilikuwa jambo zito bwenini. Alipewa viboko, akarudishwa nyumbani wiki tatu, na akapigwa marufuku kugusa vyombo vya bendi mpaka alipomaliza. Mimi nilikuwa nimesimama barazani. Nilisikia yote, wala sikubisha hodi.

Aliyeufungua waya ule ni mimi. Walimu walioamua siku ile waliamua kwa ushahidi waliokuwa nao, na ushahidi niliukalia mimi.

Deni

Rasimu ya makala hii nilimpelekea yeye kabla ya kumpelekea Mhariri. Nilikuwa sijazungumza naye tangu shule. Alikaa nayo siku nne, kisha akanipigia simu. Aliniruhusu niichapishe kwa sharti kwamba jina lake halisi lisitajwe, na kwamba nisahihishe kosa moja. Juu ya wiki zile tatu alisema tu kwamba baba yake ndiye aliyeumia zaidi, kwa kuwa alikuwa amewaahidi watu kibandani kwamba mtoto wake atakuwa mhandisi, na baba huyo hayupo tena wa kuombwa radhi.

Kosa lenyewe ni hili. Nilikuwa nimeandika kwamba sikuelewa kwa nini siku ya mazoezi hakuna aliyedhurika ilhali waya ulikuwa umekwisha kufunguliwa. Kwa miaka yote hiyo nililichukulia hilo kama nusu ya utetezi wangu. Akanieleza kwamba amplifaya ile ilikuwa ikivujisha umeme kwenye bodi lake tangu zamani, na waya wa ardhi ndio uliokuwa ukiumwaga. Nilipoufungua, kazi hiyo ilichukuliwa na ule waya tuliouvuta hadi kwenye mashine ya vipaza sauti, kwa kuwa kifuniko chake cha nje kiliunganisha bodi za vyombo vyote viwili. Siku ya mahafali mtu aliona gitaa linasikika vya kutosha bila msaada, akauchomoa waya ule. Hapo nyuzi za gitaa zikabaki na umeme, maikrofoni ikabaki na ardhi, na mtu akasimama katikati kuviunganisha.

"Nani aliuchomoa?" nikamuuliza.

"Ni mimi, kaka. Niliuona unakanyagwa na wageni. Sikujua kama ule mwingine umefunguliwa. Ningejua nisingeugusa."

Kwa miaka yote hiyo naye alikuwa akijiuliza amekosea wapi. Jibu nilikuwa nalo mimi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Mvumo ni dalili. Upo wa kuondoa kwa koili mbili, upo wa kuondoa kwa kusogeza waya, na upo ambao watu wenye kipaji wameugeuza kuwa muziki. Lakini ule wa duara la ardhi huondolewa kwa kuchomeka vyombo vyote kwenye soketi moja, au kwa kuweka transfoma ndogo ya kutenganisha katika njia ya sauti. Hauondolewi kamwe kwa kuukata waya wa uhai.

Kwa hiyo naleta pendekezo mbele ya mkutano. Kabla ya kununua hata gitaa moja, fedha ya kwanza ya mchango wetu itumike kupima waya wa ardhi wa ukumbi na kufukia nguzo mpya ya shaba, na soketi zote za jukwaani zitoke njia moja. Kazi hiyo mdogo wetu amekubali kuisimamia bila malipo. Ada ya vifaa nimekwisha kuilipa mimi kwa mweka hazina. Sikuitoa kama sadaka, naomba iandikwe upande wa madeni yaliyolipwa kwa sehemu.

Namwomba radhi mbele yenu nyote, kama nilivyonyamaza mbele yenu nyote.

Ndimi mwenzenu, Kidato cha Nne 1998.